Vailet Alivyokataa Nyutro

Nimeendesha gari miaka ishirini na minane na sijawahi kukaa darasani hata dakika moja kufundishwa kuendesha. Zamani nilikuwa nalisema hilo kwa majivuno, na watu wa Misugusugu ninaowabebea mchanga na matofali wanaweza kukuthibitishia kwamba nililisema mara nyingi mno. Nilijifunza kwa kumtazama mjomba wangu akibadilisha gia za lori. Siku moja aliumwa tumbo, nikakaa mimi kwenye usukani, lori likaenda, mchanga ukafika, basi, Sospeter akawa dereva. Leseni ilikuja baadaye, kwa njia ambazo leseni zilikuwa zikija wakati ule, na sina haja ya kuzieleza hapa.

Kwa hiyo mke wangu Consolata aliponiambia kwamba binti yetu Vailet, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na minane na kumaliza kidato cha sita, ataanza shule ya udereva, nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Gari liko uani, baba yake yuko sebuleni. Shule ya nini?"

Consolata anafundisha shule ya msingi hapa Tangini. Ana ile tabia ya walimu ya kukuachia ukimya uumalize mwenyewe. Jumatatu iliyofuata Vailet akaamka mapema, akavaa viatu vya kufunga kamba kwa sababu eti kandambili haziruhusiwi kwenye pedali, akaenda shule.

Wiki nzima ya kwanza hakugusa usukani. Nilipomwuliza walichojifunza, akasema wanazunguka gari: wanatazama matairi, maji, oili, taa, halafu wanaingia ndani kusoma alama za barabarani. Siku ya tano nikashindwa kuvumilia. Nikampigia simu mwalimu wao, mwanamke mmoja anaitwa Firdausi, nikamwuliza kwa nini anawazungusha watoto wa watu gari kama madalali.

"Baba Vailet," akanijibu bila hata kupandisha sauti, "afadhali walizunguke wao gari kuliko watu kuja kuwazunguka wao."

Nilikata simu. Nilikasirika siku mbili.

Baada ya hapo nyumba yangu haikuwa na raha tena. Nikitoka tu getini nasikia nyuma yangu, "Baba, mkanda." Nikikata kona, "Baba, indiketa." Nikimfuata mtu wa bodaboda kwa karibu ili aone kwamba barabara ina wenyewe, Vailet anahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, eti nafasi kati ya gari na gari inapimwa kwa sekunde. Nikamwambia Consolata kwamba amenizalia trafiki.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hutanielewa. Sisi madereva wa zamani tukifika kwenye mteremko mrefu tunachomoa gia. Tunatia nyutro, gari linajiendea lenyewe, injini inapumua, mafuta hayaliwi. Hakuna aliyetuandikia, tulirithishana tu vijiweni, na dereva anayeshuka mteremko huku injini inanguruma tulikuwa tunamcheka kwamba bado mgeni. Miteremko ya Kisarawe nilikuwa naishuka kimya kimya kama niko kwenye baiskeli, na nilijiona bingwa.

Mwezi wa sita nilipanda kwenye paa kubana bati lililokuwa linapigwa na upepo. Ngazi ikateleza. Sikuvunjika, namshukuru Mungu, lakini kifundo cha mguu wa kulia kikavimba kama papai na nikafungwa bandeji nene. Mguu wa kulia ndio wa breki. Na wiki hiyohiyo ndiyo mama mkwe wangu, Bibi Marselina, alikuwa amepangiwa kufika hospitali hapa Kibaha siku ya Jumatatu kutolewa mtoto wa jicho. Yeye anaishi Chole, kule ndani Kisarawe, na macho yake yalikuwa yamefika mahali ambapo anakutambua kwa sauti. Kumpandisha na kumshusha kwenye magari matatu peke yake haikuwezekana. Jirani yangu Latifu, ambaye angenisaidia, alikuwa Morogoro.

"Vailet ana leseni ya kujifunzia," Consolata akasema. "Amemaliza masomo, amebakiza mtihani wa trafiki tu. Wewe una leseni kamili, utakaa pembeni yake kama sheria inavyotaka. Mimi nina mitihani ya kusahihisha."

Nilitazama huku na huku nikitafuta njia nyingine, sikuiona.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nachechemea na fimbo, nikakuta Vailet amekwisha kubandika ile herufi nyekundu ya wanafunzi mbele na nyuma ya pikapu yangu. Pikapu yangu mwenyewe, milango minne, inayojulikana mpaka Mlandizi! Nikameza. Boneti ilikuwa wazi na yeye ameinamia ndani.

"Baba, mafuta ya breki yameshuka. Yako chini ya alama."

"Ongeza. Kuna kichupa nyuma ya siti."

Akaongeza kilichokuwemo. Halafu akasimama na kile kichupa kitupu mkononi, akanitazama.

"Haya mafuta huwa hayaishi hivihivi. Yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda yanakokwenda. Gari hili nalijua tangu hujui kusoma. Breki yake unaikanyaga mara mbili, inashika. Ndivyo lilivyo."

"Twende kwanza kwa fundi, baba."

"Fundi atatuchelewesha, bibi yako anasubiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Washa gari."

Aliwasha. Nasema wazi, hilo ni kosa langu na si lake. Methali ile haisemi guu linalovunjika ni la nani siku mkuu mwenyewe anapokosea.

Tulipita Kiluvya tukatokea Kisarawe, tukashika njia ya Maneromango. Vailet aliendesha taratibu kiasi kwamba bodaboda moja iliyobeba magodoro mawili ilitupita. Nilifunika uso kwa mkono ili nisijulikane. Hata hivyo, nikiwa mkweli, hakukosea kitu. Alitazama vioo. Alipunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye kundi la watoto waliokuwa wanapeleka mbuzi, alisimama kabisa mpaka mbuzi wa mwisho akavuka. Nilitafuta cha kumkosoa kutoka Kibaha mpaka Chole na nilichopata ni kwamba anashika usukani kwa mikono miwili.

Bibi Marselina alikuwa amekaa kibarazani, amevaa gauni la kanisani, vifurushi vimemzunguka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na baba yako yuko wapi?"

"Shikamoo mama," nikasema, nimeshaivua kofia.

"Marahaba baba. Pole na mguu. Sasa nani ameendesha?"

"Mimi, bibi."

Bibi akacheka, akapapasa mpaka akaupata mkono wa Vailet. "Basi nitasali njia nzima," akasema. Tulimpakia siti ya nyuma na kuku wawili na kapu la machungwa. Magunia mawili ya mihogo yakawekwa nyuma kabisa, kwa sababu mama mkwe haji mjini mikono mitupu, hata kama amekuja kupasuliwa jicho. Vailet akamfunga mkanda na kuuvuta kidogo kuona kama umeshika. Nikaona nami nifunge wangu kabla sijaambiwa mbele ya mkwe.

Tulipoondoka ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Kuna mteremko mmoja njiani, mrefu, wa kifusi chekundu, una kona katikati, na chini kabisa kuna kalavati nyembamba, kijidaraja cha kuvukia mto. Pembeni ya kalavati hiyo kina mama huwa wanapanga machungwa na mananasi, na watoto wanacheza humohumo. Wakati wa kwenda tuliupanda. Sasa tulikuwa tunaushuka.

Tulipofika juu, Vailet alikanyaga breki kidogo, akatoa gia ya tatu, akatia ya pili. Injini ikaanza kunguruma. Masikio yangu yakauma kwa aibu.

"Unaua injini. Tia nyutro."

"Hapana, baba. Gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia."

"Nani kasema?"

"Mwalimu Firdausi."

Hapo damu ikanipanda. Miaka ishirini na minane yangu imewekwa mizani moja na wiki tano za Firdausi, na Firdausi ameshinda. Nilinyoosha mkono nikaushika mti wa gia. Ndiyo, niliushika. Nilikuwa nauchomoa mwenyewe, huku mwanangu ameshika usukani, na ningeuchomoa kama si sauti iliyotoka nyuma.

"Baba," akasema Bibi Marselina, polepole. "Mwache mtoto."

Wewe mwenye mama mkwe unajua. Kuna watu duniani ninaweza kubishana nao mpaka jua lizame, lakini si yule aliyemzaa mke wangu. Tangu nimemposa Consolata sijawahi kumpandishia sauti mama yake wala kumjibu neno la pili. Niliuondoa mkono kwenye gia kama umeungua. "Sawa mama," nikasema. Nikatazama dirishani, nimevimba, nikipanga yote nitakayomwambia Vailet tukifika nyumbani.

Hatukuwa tumekwenda mita mia moja. Vailet alikanyaga breki kabla ya ile kona, na nilisikia kitu ambacho dereva yeyote anakisikia mwilini kabla ya masikioni: pedali ilikwenda mpaka chini bila kukutana na chochote. Akakanyaga tena. Chini tena. Akaipampu haraka haraka, mara tatu, mara nne.

"Baba, breki hakuna."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Sijui nilisema nini, ila Bibi aliniambia baadaye kwamba nilimwita mama yangu, ambaye amefariki miaka kumi sasa.

Hebu nieleze kilichotokea kwa mpangilio, ingawa chote kilikwisha kabla mtu hajamaliza Salamu Maria moja. Gari lilikuwa gia ya pili. Lilikuwa linakwenda, lakini injini ilikuwa imelishika, linavutwa nyuma kama mbuzi mwenye kamba. Vailet akaweka kiganja kwenye honi na hakukitoa. Akawasha taa zote. Tukaingia kwenye kona kwa mikono yake miwili, tukatoka salama, na kule chini nikaona kalavati, na kina mama, na machungwa yamepangwa mafungu mafungu, na watoto.

"Shikilieni," akasema. Akakanyaga klachi, akapiga gesi kidogo, akaingiza gia ya kwanza. Gari likalia vibaya, likainama mbele, kuku wakapiga kelele, mwendo ukakatika nusu. Kisha akashika hendibreki, akabonyeza kile kitufe chake na kukishikilia, akawa anaivuta kidogo, anaachia, anavuta kidogo, anaachia. Mimi ningeivuta yote kwa mkupuo, na magurudumu ya nyuma yangejifunga, na tungekwenda ubavu mpaka kwenye yale mafungu ya machungwa. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono yote miwili na sikujua lolote.

Kushoto kwetu watu wa barabara walikuwa wameacha malundo ya kifusi, matano au sita, ya kusawazishia mashimo. Nimeyapita malundo hayo mara kadhaa nikiwatukana walioyaacha. Vailet akalipeleka gari kushoto taratibu, tairi moja likapanda lundo la kwanza, likalikwangua, tukapanda la pili kwa mbele, kifusi kikafika kwenye taa, injini ikazima yenyewe, tukasimama.

Tulikuwa hatua kama arobaini kutoka kwenye kalavati.

Chungwa moja lilitoka kwenye kapu likaviringika mpaka miguuni kwangu. Vailet akavuta hendibreki sasa mpaka mwisho, akaacha gari ndani ya gia, akazima swichi, akachomoa ufunguo, akauweka mapajani. Yote kwa utaratibu. Halafu ufunguo ukateleza ukaanguka, na hakuuokota.

"Tumefika?" akauliza Bibi Marselina.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yalipoanza nikakuta si ya kicheko tena. Nilitaka kumshika mwanangu, mkanda ukanizuia, nikasahau hata unavyofunguliwa. Nikamshika begani hivyohivyo. Nikasema, "Mama wee. Mama wee, Vailet," kama mwehu. Nilifurahi mno kuwa hai, na nilifurahi mno kwamba hawa wawili wako hai, na sikuwa na aibu yoyote.

Tulimteremsha Bibi tukamkalisha kwenye gunia la mihogo, mbali na barabara. Hata hapo Vailet hakunisahau. "Baba, pembetatu," akasema. Sina pembetatu. Nikakata matawi, nikayatandaza barabarani juu yetu na chini yetu, kama tunavyofanya siku zote, ili anayekuja ajue kuna gari limekwama. Nilichechemea kwenda na kurudi na mguu haukuniuma. Nilitazama chini ya gari nikaona mstari wa mafuta umetoka kwenye gurudumu la nyuma. Fundi aliyekuja baadaye na pikipiki kutoka Maneromango alinionyesha bomba la breki lililoliwa na kutu, akaniuliza kama gari halikuwahi kunipa dalili. Nikamwambia lilinipa. Lilinipa dalili mwaka mzima, na asubuhi ile lilimpa na mwanangu, na mwanangu akaniambia.

Kina mama wa kule chini walikuwa wanapanda mbio. Walikuwa sita au saba, wengine pekupeku, wa mbele yao mwanamke wa makamo, mnene, anahema. Walipotuona tumesimama kwa miguu yetu wakapunguza mwendo. Wakatuhesabu kwa macho.

"Mko wangapi?" akauliza yule wa mbele, ambaye nilikuja kujua anaitwa Sikudhani.

"Watatu."

"Na wote ndio ninyi hawa?"

"Wote ndio sisi hawa."

"Alhamdulillah," akasema, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Wenzake nao wakaanza kusema wote pamoja, mmoja anampa Bibi maji, mwingine anauliza dereva ni nani. Nikamwonyesha Vailet. Hawakuamini. Wakamzunguka, wakamshika mashavu, wakamwuliza miaka mingapi. Mmoja akasema wiki iliyopita mtu mzima na ndevu zake, na gari lake zima, alikwenda mpaka mtoni.

Hapo nikaona lazima niseme, na nikasema mbele yao wote, maana nisingesema wakati ule nisingesema tena.

"Mimi ndiye dereva wa siku nyingi. Nilitaka atie nyutro. Niliushika mti wa gia kwa mkono wangu huu niuchomoe. Angekuwa na adabu ya kunitii, tungekuwa pale kwenye machungwa yenu, na watoto wenu chini yetu."

Vailet aliinamisha kichwa. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwambia mtoto wangu kwamba nimekosa, labda sijawahi.

"Nimekosa, Vailet. Nimekosa tangu asubuhi."

"Yameisha, baba," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikatoa simu. Namba ya Mwalimu Firdausi nilikuwa nimeihifadhi kwa jina ambalo silitaji. Alipopokea nikasema mimi ni baba Vailet, na nikasikia jinsi alivyovuta pumzi kujiandaa kwa ugomvi. Nikajaribu kumweleza. Nikaanza na machungwa, ikabidi nirudi kuanza upya na mafuta ya breki ya asubuhi.

"Alisimamisha kwa gia ya ngapi?" akauliza.

"Ya kwanza."

"Honi alikumbuka?"

"Hakuiachia mpaka tumesimama."

"Hendibreki?"

"Kidogo kidogo, kama mlivyomfundisha."

"Mwambie amefanya vizuri sana," akasema. "Halafu mwambie nimesema amekosea. Aliona mafuta ya breki yameshuka na akaliendesha gari. Dereva akikuta kasoro kama hiyo haondoki, hata aambiwe na nani."

"Aliambiwa na mimi, mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nimesema hata na nani." Kisha sauti yake ikalegea. "Mshukuru Mungu, baba. Mimi nashukuru. Wengine huwa nawafundisha na sijui wanaishia wapi."

Nilimshukuru. Nikamwuliza kama darasani kwake anapokea watu wa umri wangu, akasema viti vipo, ila viatu ni vya kufunga.

Nilipogeuka, Vailet alikuwa ameketi kwenye jiwe, amejikunyata. Jua lilikuwa kali na yeye anatetemeka kwa baridi ya hofu iliyochelewa kufika. Sasa ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo. Nilikwenda kukaa naye, nikamkumbatia. Na hapo, nikiwa nimeinama, nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yameliona tangu mwanzo bila kulitilia maanani. Kila mwanamke aliyepanda ule mlima mbio alikuwa na kanga moja ya ziada mkononi. Imekunjwa. Hawakuja na maji ya kutosha wala kamba wala majembe. Wamekuja na kanga.

"Mama," nikamwuliza Sikudhani, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari, "kanga hizi za nini?"

Alitazama ya kwake kama aliyesahau kwamba anayo.

"Hapa tukisikia honi ndefu namna hiyo, tunakuja nazo," akasema. "Ni za kufunikia."

Nilimbana Vailet zaidi. Sikudhani akainuka, akajikung'uta vumbi, akaikunjua kanga yake. Ilikuwa mpya, nyekundu na nyeupe, na maandishi yake yalikuwa yanamsema jirani fulani mmbea. Akaja mpaka pale tulipo.

"Leo sirudi nayo nyumbani," akasema, na akamfunika Vailet.

Bibi Marselina, kule kwenye gunia lake, alikuwa amelisikia neno moja tu, kufunikia, na mengine hakuyasikia. Akainuka ghafla, mikono mbele, akipapasa hewa. "Amefunikwa nani? Sospeter! Wamemfunika nani? Vailet wangu amefunikwa?"

Nikamkimbilia na mguu wangu mbovu. Nikasahau adabu zote za ukwe, nikamshika mikono yote miwili na kumleta mpaka kwa mjukuu wake, nikaviweka viganja vyake pale ambapo kanga ilikuwa imeishia.

"Mabegani, mama," nikamwambia. "Mabegani tu."

Akapapasa juu zaidi. Akaikuta shingo na mashavu yaliyolowa na pua inayopumua, na akaanza kucheka.